Nimekubali Lini, Kaka?

Batsinda, Kigali
Jumatano jioni

Kaka Respi,

Salamu nakupa, maana Mama hakunilea nikose adabu hata nikiwa na hasira. Natumaini mko wazima wote hapo nyumbani. Miguu ya Mama imepungua kuvimba? Wifi Koleta bado anatapika asubuhi, au mimba imeshatulia? Na yule ng'ombe aliyekuwa anampiga mateke ndama wake, amekubali kunyonyesha? Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma.

Umenipigia simu tangu Jumapili na sijapokea. Usijidanganye kwamba nilikuwa na kazi nyingi. Naiona simu inaita, naliona jina lako, naigeuza kifudifudi mezani, naendelea kuosha vyombo. Kwenye simu huwa unanikata kabla sijafika katikati, unaanza "sikiliza Adve, sikiliza kwanza," na kila mara mimi ndiye ninayeishia kusikiliza. Barua huwezi kuikata. Nampa dereva mmoja wa malori ya mchele anayerudi kupitia mpaka wa Rusumo, ameapa itafika dukani kwako. Naomba umsomee Mama yote bila kuruka. Mama, ukiona ananong'ona, mwambie apaze sauti.

Unakumbuka ulivyonipigia majuzi ukiwa na sauti tamu? Ukasema, "Yule Fideli wa Karagwe ni mtu mwema. Akikualika mahali nenda, usijifungie ndani kama mtawa." Nilishangaa. Wewe uliyekuwa unakuja na tochi kunifuata kwaya, ukimulika kila mvulana usoni, leo unanituma nitoke na mwanamume! Nikadhani umekua. Nikakushukuru, Kaka. Kati ya yote, hilo ndilo linalonichoma zaidi, kwamba nilikushukuru.

Mama, sijui umeambiwa nini, kwa hiyo nakueleza mwenyewe. Fideli ni Mnyarwanda aliyekulia kwetu Tanzania, Karagwe, wazazi wake walikimbilia huko. Sasa yuko hapa Kigali, anashughulikia bima za malori, na ndivyo tulivyojuana, maana ghala letu la mchele liko Nyabugogo na malori yetu hayavuki mpaka bila karatasi zake. Ni mtaratibu. Anachekesha bila kujua kwamba anachekesha. Nilimpenda. Naliandika waziwazi kwa sababu najua utetezi wako, Kaka, utakuwa huu: "Si alimwambia wifi yake?" Ndiyo, nilimwambia Koleta. Nilimwambia kama mwanamke anavyomwambia wifi yake, tukicheka, yeye huko anamenya ndizi na mimi huku napiga pasi. Kumwambia wifi siyo kukubali posa.

Basi Fideli akanialika Jumamosi kwenye mashindano ya tenisi, ya wale wachezaji wa kulipwa wanaozunguka nchi na nchi. Ofisi yao ilipewa tiketi. Tenisi mimi nilikuwa naiona tu kwenye televisheni nikiwa natafuta taarifa ya habari, lakini tenisi siyo iliyonipeleka. Aliponipa tiketi alisema, "Siku hiyo tutaongea vizuri," halafu akaangalia viatu vyake. Nikajua ataniuliza. Kwa umri wangu huu nisijue? Nikapeleka kitenge cha kijani kwa fundi Kimisagara, nikamsumbua mpaka mkono ukakaa sawa. Nikalala na kilemba kichwani ili nywele zisiharibike. Asubuhi nikapanda pikipiki, na hapa abiria halali ni mwenye kofia ngumu, kwa hiyo nikavishwa kofia iliyokwishavaliwa na nusu ya mji, na nywele zote zikalala upande mmoja. Hivyo ndivyo nilivyofika.

Mkobani nilikuwa na kopo la senene, zile ulizonitumia, Mama. Nilisema nitampa Fideli aonje, akumbuke Karagwe. Mlangoni askari wa kike akalifungua kopo, akalifunga haraka, akaita wenzake. "Ibi ni ibiki?" Nikamwambia ni senene, ni chakula. "Chakula ya nani?" Yangu. Wakaangaliana, wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Senene wakaniachia, chupa yangu ya maji wakaichukua. Yaani wadudu ruksa, maji marufuku.

Fideli hakuwepo. Ujumbe ukaingia kwamba nikae, atachelewa kidogo. Nikaketi juani. Sijawahi kuona mchezo wa kijinga namna ile, na nisamehewe na wanaoupenda. Vijana wawili warefu, mmoja mwenye kitambaa kichwani, wanapigiana kimpira juu ya wavu kwenye udongo mwekundu, na kila wakipiga wanaguna kama wamebeba gunia. Watu jukwaani wanageuza shingo kushoto, kulia, kushoto, kulia. Ukiwatazama wao badala ya mpira, utadhani uwanja mzima unakataa kitu. Hesabu yao nayo ni ya wendawazimu. Wanaanza kumi na tano, wanakwenda thelathini, halafu arobaini. Ile arobaini na tano imekwenda wapi? Nilimuuliza mtu wa mbele yangu, akanitazama kama nimetukana.

Lakini kinachokera kuliko vyote ni kimya. Mchezaji akitaka kuanzisha mpira, hakuna anayeruhusiwa kusema neno. Mwamuzi amekaa juu ya kiti kirefu, ukikohoa anakutafuta kwa macho. Wala huruhusiwi kusimama wala kutembea mpaka wachezaji wapumzike na kubadilishana upande. Kwenye ngazi wameweka kamba, na kijana wa kuishika. Mimi sikujua. Nikapiga makofi mpira ulipogonga wavu, nikadhani ni goli, kumbe ni kosa, tena la yule niliyekuwa namshangilia.

"Oya, oya, mukobwa wangu," akasema mama mmoja aliyekaa kiti cha kando yangu, akinikataza kama binti yake. "Hapa hawapigangi makofi wakati iko kosa."

Alikuwa mtu mzima, amejifunga vizuri, ana mwavuli wa zambarau na mkoba magotini. Nikamshukuru. Laiti ningehama kiti. Kwa sababu ya ile sheria ya kimya, maswali yake yalikuja kwa mafungu. Wachezaji wakicheza, ananiangalia tu kuanzia viatu mpaka nywele. Wakienda kupumzika, ananiinamia.

"Wewe ni wa wapi?"

"Bukoba."

"Aaa, Muhaya! Mimi nilikaaka Karagwe miaka mingi. Wahaya bana iko watu ya kujisikia kidogo."

Nikatabasamu kwa meno ya mbele tu. Wachezaji wakarudi. Mapumziko yaliyofuata, akaendelea.

"Baba iko hai?"

"Alifariki."

"Ihangane, pole. Alikufa na nini? Ni ugonjwa ya familia?"

Kaka, mtu hakujui, hajui hata jina lako, anakuuliza kama kifo cha baba yako kinarithiwa. Nikamwambia alikufa kwa kuulizwa maswali. Hakucheka. Akauliza kama najua kulima. Nikasema ndizi najua kuzila. Akauliza kama napenda watoto. Hapo nilikuwa nimeshachoka, jua linanichoma shingo, Fideli haonekani, nikajibu, "Siwapendi. Wana kelele." Nilisema ili anyamaze. Akatikisa kichwa polepole na kufunga macho.

Njaa ikaniuma, nikafungua kopo. Adabu yangu ikanituma nimkaribishe kwanza. Akavuta nguo yake pembeni.

"Mana yanjye! Bado munakula ile vitu? Na hapa, mbele ya bantu? Mutu mukubwa hakulangi mbele ya bantu!"

Hiyo ni kweli ya huku, Mama. Kwa wazee wa hapa mtu mzima kutafuna mbele ya wageni ni aibu, na mimi nalijua hilo tangu mwaka wangu wa kwanza. Ningekuwa ninajua niko mbele ya nani, ningefunga kopo. Badala yake nikatafuna senene moja baada ya nyingine nikimwangalia usoni, na zile zilikuwa za kukaanga hasa, zinalia mdomoni.

Ndipo Fideli akaja. Wakamshikilia kwenye kamba mpaka mapumziko, halafu akapanda ngazi, shati limenyooka, soda tatu mikononi. Tatu, Kaka. Nikaziangalia zile soda. Akampita kila mtu akamwinamia yule mama kabla hajanisalimu mimi.

"Masenge, mwiriwe."

Masenge ni shangazi. Yule mama mwenye mwavuli alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea. Na kuchelewa kwa Fideli kulipangwa.

"Mimi nilimuambia achelewe," akasema shangazi mtu, bila haya hata ya dawa. "Bana, lazima mutu aone kwa macho yake. Nikirudi wataniuliza."

"Na umeonaje, Masenge?" Fideli akauliza, anacheka kama mtoto aliyeleta ripoti nzuri ya shule.

"Ni muzuri. Mdomo iko murefu, lakini ile tutarekebisha. Na kwa sababu kaka yake alishasema umukobwa amekubali, mwezi ujao tunaenda Bukoba kufata irembo."

Kufata irembo ni ukoo wa mwanamume kwenda rasmi kwa ukoo wa mwanamke, kusimama mlangoni na kuomba. Hilo silo jambo la kutamkwa ovyo. Linatamkwa wakati mambo yamekwisha.

Wachezaji walikuwa wamesharudi uwanjani. Mwamuzi akaomba kimya, na uwanja wote ukanyamaza, watu mamia kwa mamia, ukasikia bendera zinavyopigwa na upepo. Nilijaribu, Mama. Nakuapia nilijaribu kungoja. Nilibana midomo, nikaangalia kile kimpira kikidundishwa chini, mara moja, mara mbili, yule kijana akakirusha juu, akanyanyua raketi.

"Nimekubali lini?"

Sikujua nina sauti ile. Yule mchezaji akaacha mpira uanguke. Akageuka. Mwenzake wa ng'ambo ya wavu akageuka. Vichwa vyote vilivyokuwa vinakwenda kushoto na kulia vikaja upande mmoja, kwangu. Mwamuzi akasema kitu kwenye kipaza sauti kwa Kifaransa, na mtu wa mbele yangu, yule yule wa arobaini na tano, akaweka kidole mdomoni.

"Adventina, tafadhali," Fideli akanong'ona. "Kaka yako alisema umeshaongea naye."

"Aliwaambia nani?"

"Baba wadogo walipokwenda Bukoba. Aliwapokea vizuri sana, akawapa rubisi wakanywa, akasema amekuuliza na umesema ndiyo. Mimi nilijua unajua."

Ndivyo nilivyopata habari za posa yangu, Kaka, kwa kunong'onezwa jukwaani huku nikinyamazishwa na mwamuzi. Wageni walikuja nyumbani kwa baba yetu, wakakaa, wakanywa, wakataja jina langu, na wewe ukawajibu kwa mdomo wangu. Na baadaye ukaniambia nisijifungie ndani kama mtawa.

Nikainuka. Nikapita magoti ya watu, nikamkanyaga shangazi mtu, sikumwomba radhi. Nikafika kwenye ngazi, na yule kijana wa kamba akanizuia.

"Mwihangane, madamu. Mpaka wabadilishane."

Hata kuondoka kuna zamu! Ikabidi nisimame pale, kamba kifuani, mbele ya macho yote, nisubiri watu wawili wamalize kupigiana mpira ndipo niruhusiwe kwenda kulia kwangu. Na wakaanza kupitana na kusawazisha, kupitana na kusawazisha, haimaliziki. Fideli akanifuata. Tukasimama bega kwa bega kama watu wanaosubiri ekaristi.

Sikumtukana. Nataka ulijue hilo, kwa sababu nilikuwa bado namtaka. Nilikuwa nafikiri, huyu amedanganywa kama mimi, tuko upande mmoja. Nikamwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Basi achana na walichosema. Niulize wewe. Niulize sasa hivi."

Akaangalia nyuma, kwa shangazi yake.

"Hapa?"

"Hapa. Mtu hahitaji mahali pa kuulizia."

Akafuta jasho. Akafungua mdomo, nami nikasogeza sikio. Halafu akasema, "Siwezi, Adventina. Neno la mkubwa limeshatoka. Nikikuuliza leo, nitakuwa nimesema kaka yako ni mwongo."

"Ni mwongo."

"Usiseme hivyo juu ya kaka yako."

Maneno yake ndiyo hayo, na aliyasema kwa upole, maskini, akidhani ananifundisha jambo jema. Alikuwa anakutunzia heshima yako, Kaka. Mimi nimesimama mbele yake namwomba aniulize, na yeye anaogopa kukuvunjia heshima wewe, uliye ng'ambo ya mpaka umekaa kwenye kigoda dukani unauza misumari. Watu wakapiga makofi. Kumbe wachezaji walikuwa wamemaliza. Kamba ikashushwa, nikateremka, na yeye akabaki juu.

Nililia ndani ya kofia ya pikipiki kutoka kule mpaka Batsinda. Dereva aliniuliza mara moja kama naumwa, nikamwambia aangalie barabara.

Jumapili, wakati wewe unaanza kupiga simu, Fideli alinitumia ujumbe mmoja. Nakunukulia wote, si mrefu: "Masenge amekusamehe." Nimeusoma mara nyingi nikitafuta mahali anaponiuliza kitu, sijapaona. Jumatatu alileta karatasi za malori ghalani, akampa mwenzangu, akasimama kidogo mlangoni, akaondoka. Nilimwona kupitia dirishani. Bado ni mzuri, na mimi bado nina hasira, na mambo hayo mawili yanalala kitanda kimoja nami.

Sasa nakuja kwako. Baba alipofariki ulikaa kiti chake na hakuna aliyekupinga, mimi wa kwanza. Uliponiambia nisiende Dar nikaja Kigali badala yake, nilikuelewa. Ulipochagua nani asimame upande wetu kwenye ubatizo wa mtoto wa marehemu dada, nilinyamaza. Lakini ulifikiri nini, Kaka? Ulifikiri nikishapelekwa uwanjani na gauni jipya, nikakuta kila mtu anatabasamu, nitaona aibu kusema hapana mbele ya wageni? Ulikuwa na namba yangu. Ungepiga, ukasema, "Adve, watu wa Fideli wako hapa sebuleni, wanakutaka, unasemaje?" Isingekumalizia hata vocha. Hukupiga kwa sababu hukuona kuna haja. Hilo silisamehi leo, na sijui lini.

Ninachotaka ni kimoja. Utapanda gari uende Karagwe kwa baba zake wadogo, wewe mwenyewe, usimtume mtu, usipige simu. Utawaambia hukuniuliza. Usiseme nimebadilika, usiseme Kigali imeniharibu, usiseme wasichana wa siku hizi. Sema, "Sikumuuliza, nilidanganya." Halafu uwaambie jibu ni hapana. Na usije ukafika huko ukaanza kurekebisha, ukapata wazo kwamba ukishaomba radhi basi Fideli naye aje aniulize upya kwa ruhusa yako. Mtu anayesubiri ruhusa yako ili aongee na mimi, ataisubiri maisha yote, na nitaishi na wewe ndani ya nyumba yangu.

Nisalimie Mama, mwambie dawa ya kuchua naituma na dereva huyu huyu, achue kabla ya kulala na asiifiche kwa ajili ya wageni. Nisalimie shangazi yetu msuka mikeka, na mjomba fundi baiskeli, na katekista, ambaye nasikia naye alikuwepo akinywa rubisi siku hiyo na hakuona ajabu. Koleta usimsalimie, nitampigia mwenyewe. Watoto wabusu wote.

Najua utaisoma barua hii ukisema, "Sasa kelele zote hizi za nini, si alikuwa anampenda?" Ndiyo, Kaka. Nenda Karagwe, uwaambie hapana. Na ukiwa njiani unarudi peke yako, ujue kwamba Jumamosi asubuhi, nilipofunga mlango wangu hapa Batsinda, nilitoka na ndiyo.

Ni mimi, mdogo wako,
Adventina